Kumbukumbu ya mradi: nakala saba na ukurasa wa 88

3 Mei

Nakala zimetoka. Nilishinda Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, maana fundi alikuwa na kadi za arusi za watu wengine mbele yangu, lakini nimerudi nyumbani na nakala saba za mswada, kurasa 212 kila moja, zimefungwa kwa waya wa plastiki. Wasomaji nimewaomba kitu kimoja: moyo ukienda mbio, weka alama pembeni, ukichoka, weka alama nyingine.

Kwa ambaye hakuufuata mradi huu tangu mwanzo: ni riwaya ya taharuki, ya Kiswahili, na hofu yake yote iko kichwani mwa mtu mmoja. Msimulizi ni mwanamke aliyepanga chumba Walukuba, Jinja. Dada yake ametoweka, na usiku kuna anayegonga mlango wa nyuma. Msomaji anamwamini mwanamke huyu kwa kurasa 150 hivi, halafu anaanza kurudi nyuma kuhesabu aliyodanganywa. Jina la kitabu bado sina.

11 Mei

Wawili wamemaliza. Kijana wa Bukavu anayeuza vitenge Kisenyi alikisoma kwa siku mbili na kuwasomea wenzake wa chumbani tukio la kisu, lile la sura ya kumi na moja. "Yaya, hii kitabu iko na nguvu," akaniambia. "Ile kisu ndiyo nilipenda." Nakala yake ina alama za mbio karibu kila ukurasa wenye damu.

Wa pili ni binti wa Kisumu anayesoma Makerere. Alijaribu kuitafsiri sura ya kwanza kwa Kiingereza akakwama mstari wa nne: "Alikuja tena jana, akasimama, hakusema." Akanipigia simu saa nne usiku. "Mwalimu, huyu aliyekuja ni mwanamume au mwanamke?" Nilifurahi mpaka nikainuka kitini. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi ataje jinsia mapema. Kwetu ile a- ni ya wote, inaweza kumbeba mtu kitabu kizima bila kuonyesha kama amevaa kanzu au kanga. Nusu ya fumbo langu imesimama juu ya herufi hiyo moja, na yeye ndiye wa kwanza kuigusa.

Wote wawili wamechoka sura ya sita na ya saba. Nimeshazikata.

18 Mei

Nimekwenda Bombo kwa taksi ya asubuhi kumwona Hajati. Nilimkuta barazani, miwani puani, mswada uko kando ya kikapu alichokuwa akisuka. Nakala yake haikuwa na alama yoyote mpaka ukurasa wa 31, na hapo palipigwa mstari mzito chini ya neno moja: ulifunguliwa.

"Mwanangu, aliyeufungua ni nani?"

Nikamwambia hakuna mtu, msimulizi anasema mlango ulifunguka wenyewe kwa upepo.

"Uliofunguka umefunguka. Huu umefunguliwa. Huyu mwanamke anamjua aliyeufungua na anatuficha."

Nilirudia kuusoma mstari ule mara tatu. Lilikuwa kosa langu, nimepitia mswada mara nne bila kuliona, na kosa lenyewe lilikuwa limetoboa siri ya kitabu kurasa 120 kabla ya wakati. Baada ya hapo Hajati hakumwamini tena msimulizi, na anasema ndiyo maana alikisoma mpaka mwisho: alitaka kumkamata. Nimesahihisha ukurasa wa 31, sasa ni "ulifunguka". Lakini "ulifunguliwa" sikulitupa. Nimelipeleka ukurasa wa 140, mara moja tu, mahali msimulizi amechoka na ulimi unamponyoka.

Hajati pia hakupenda kisu. "Damu nimeiona ya kweli," akasema, akaendelea kusuka.

25 Mei

Leo sitaandika habari za sura.

Mzee jirani yangu amerudisha nakala bila kuimaliza. Ni Muganda, alikuwa seremala wa reli, na Kiswahili chake kizuri alikipata kwa mafundi wa Kenya na Tanzania kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Nilimpa kitabu nikijua ataona kila nahau iliyolegea. Alikuwa ameweka kipande cha gazeti ukurasa wa 88. Ukurasa huo hauna kisu wala maiti. Kuna mwanamume anasimamisha gari barabarani jioni, anamwambia msichana: "Panda gari!" Nililiandika bila kufikiri, kama tunavyosema kila siku.

"Mwalimu, umezaliwa mwaka gani?"

Nikamwambia 1989. Akatikisa kichwa, kisha akanieleza polepole. Miaka ya mwanzo ya 1980 askari walikuwa wanazingira mtaa hapa Kampala, wanakusanya watu, wanawapakia kwenye malori. Watu waliziita operesheni hizo kwa Kiswahili cha askari wenyewe: panda gari. Wapo waliorudi, wapo ambao hawakurudi. Mdogo wake alikuwa ametoka kununua mafuta ya taa. Alipandishwa na chupa yake mkononi, na alikuwa bado ameishika lori lilipoondoka.

Mimi nafundisha Kiswahili. Najua Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, najua baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, na wanafunzi wangu wanaimba ngeli bila wasiwasi wowote. Nilijua pia, kwa kuwa hapa kila mtu anajua, kwamba kwa wazee wengi wa Buganda hii ni lugha ya mwenye bunduki mlangoni. Kumbe kujua kwangu kulikuwa kwa kusikia tu. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya ukurasa ule wakati wote tukizungumza, ameyafunika yale maneno.

Nilimuuliza kama niyaondoe. Akasema hilo ni langu kuamua. "Lakini ukiyaacha, mwandike vizuri anayeyasema. Wewe umempa sauti kubwa. Yule aliyempandisha mdogo wangu hakupaza sauti. Mimi aliniambia nirudi nyumbani nikapumzike, kwa upole kabisa."

8 Juni

Sikuandika kitu kwa siku kumi. Kisha nikaandika upya ukurasa wa 88 kwa mkono, kwenye daftari, kwanza kabisa nikiiondoa ile alama ya mshangao. Mwanamume sasa anafungua mlango wa gari, anafuta vumbi kwenye kiti kwa leso, anasema "Panda gari" kama mtu anayemkaribisha mgeni chai. Ukurasa umepungua mistari tisa. Tukio la kisu lilikuwa kurasa mbili, limebaki mistari mitatu, na kati ya hiyo hakuna hata mmoja unaotaja damu.

Nilimpelekea kijana wa Bukavu kurasa hizo dukani, nikijua atalalamika, na kweli alianza na kisu: "Yaya, umeiondoa!" Nikamwomba asome 88 kwanza. Alisoma amesimama, bega lake kwenye robota la vitenge, mteja akiuliza bei mara mbili bila kujibiwa. Akanirudishia karatasi.

"Kwetu walikuwa wanasemaga 'shuka'," akasema. "Kwa barrière, kizuizi cha barabara. Pole pole hivi hivi."

Kisu hakukitaja tena.

Jumapili nitampelekea Mzee nakala mpya. Ameniomba ile karatasi ya gazeti niirudishe palepale ilipokuwa.