Hatimaye nimeinasa salamu ya ruta yetu

Wiki tatu nzima nimekodolea skrini macho, na juzi jioni pakiti nne za EAPOL, ile salamu ambayo simu na ruta hupeana zinapounganika, zikajipanga kwenye Wireshark, programu inayoonyesha pakiti za mtandao. Nilipiga ukelele mpaka baba akaacha cherehani chini akidhani nimeumia.

Lengo langu ni kujua kama mtandao wetu, hapa Mji wa Kale, unaweza kuvunjwa na mtu aliyekaa barazani. Ruta ni yetu, simu ni zetu, baba ameridhia. Wa jirani siugusi. WEP, ulinzi wa kwanza wa waifai, sikuihangaikia, ilishaanguka tangu 2001. WPS, njia ya kujiunga kwa pini, niliizima siku ya kwanza, maana pini ya tarakimu nane inayokaguliwa vipande viwili hubakiza majaribio 11,000 tu. Kazi ilikuwa WPA2, ulinzi unaotumiwa na ruta yetu.

Kilichonitesa ni hiki: nazima waifai ya simu, nawasha, inaunganika vizuri kabisa, na adapta yangu ya waifai, inayosikiliza hewa kwa niaba ya laptopu, haioni kitu. Pakiti ambazo ruta hutangazia jina lake zinamiminika, salamu hakuna. Nikabadilisha draiva mara mbili, nikabadilisha kebo, nikasakinisha upya mfumo wote wa laptopu. Wapi!

Juzi nilikuwa nimeketi ngazini na laptopu. Mama akapita na simu yake, anashuka barazani kuzungumza na shangazi. Alipofika mlangoni tu, zikatua: moja, mbili, tatu, nne. Nikamwomba apande, ashuke tena. "Mamangu, mara moja tu nyingine." Alipanda na kushuka mara nne, Mungu amjalie, na kila akishuka salamu inaingia.

Ni kuta! Nyumba hii ni ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Juu, karibu na ruta, simu hukamata bendi ya gigahezi 5, na adapta yangu husikia 2.4 pekee. Ruta inatumia jina moja kwa bendi zote mbili, kwa hiyo sikuona tofauti. Chini, bendi ya 5 haipenyi matumbawe, simu inarudi 2.4. Wiki tatu nilikuwa nimetega mtego mkondo ambao samaki hapiti.

Nilianza na zile programu zinazofanya kila kitu kwa kubonyeza kitufe kimoja, na sizitaki tena. Zinakwambia hakuna, hazikwambii kwa nini. Wireshark ilikuwa na safu ya chaneli muda wote, ambayo ingenionyesha kwamba nasikiliza 2.4 tu.

Sasa lililoniuma. Salamu ikishanaswa, mshambuliaji hana haja na ruta tena. Anaondoka nayo, anabahatisha nenosiri akiwa kwake, na ruta haina habari. Kila bahatisho hupitia mizunguko 4,096 ya hesabu iitwayo HMAC-SHA1, jina la mtandao likichanganywa ndani, na hilo ndilo pekee linalomchelewesha. Laptopu yangu hubahatisha mara 4,000 hivi kwa sekunde. Nenosiri letu lilikuwa namba ya simu ya baba. Namba ya 07 ina tarakimu nane tu za kutafuta, yaani milioni 100: chini ya saa saba kwa mashine hii kuukuu. Niliianzisha saa nne usiku, saa tisa ikatoa jibu. AES, usimbaji wenyewe, haikuguswa kabisa. Na namba hiyohiyo imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha ushonaji, mlangoni chini.

Leo nilipanga kuhamia WPA3, mrithi wa WPA2, ambako salamu iliyonaswa haimpi mtu cha kubahatisha akiwa kwake. Simu ya baba haiifahamu, na hali ya mseto, inayokubali zote mbili, huacha mlango wa WPA2 wazi. Kwa hiyo nimeiweka kando, na tangu asubuhi naandika orodha ya maneno 1,296 ya Kiswahili ya kutungia nenosiri jipya, ya kuchaguliwa kwa kurusha dadu nne. Maneno matano ya namna hiyo, laptopu hii ingehitaji zaidi ya miaka 28,000 kuyapitia yote. Nimefika 412. Mama ananipa ya jikoni: kinu, mwiko, kifumbu, kawa. Baba ananiitia ya kwake kutoka chini: pindo, kishikizo, darizi.