Simbamarara wa Blake na fuawe ya babu

Babu yangu alikuwa mhunzi. Ndiyo maana niliposoma shairi la 1794 la William Blake, mshairi na mchoraji Mwingereza, kuhusu simbamarara, nilichokiona kwanza ni karakana: nyundo, mnyororo, tanuri, fuawe. (Mvukuto haumo; babu angeuliza uko wapi.)

Beti sita, maswali matupu. Blake anamuuliza simbamarara: aliyemuumba mwanakondoo ndiye aliyekuumba na wewe? Jibu halitolewi. Ubeti wa mwisho unarudia ule wa kwanza, ila neno moja limegeuka: mwanzoni ni nani aliyeweza kukuumba, mwishoni ni nani aliyethubutu. Hapo ndipo niliposimama. Babu aliweza kufua panga lolote, mengine alikataa.

Na mchoro wa Blake mwenyewe chini ya shairi? Mnyama mpole, utadhani paka wa jirani.