Nilivyojifunza taichi ya miondoko 24 kwa video: miguu kwanza, mikono baadaye

Anayetaka kujifunza taichi, sanaa ya mapigano ya Kichina inayofanywa polepole, na hana mwalimu karibu, mimi humshauri aanze na fomu, yaani mfululizo uliopangwa, ya miondoko 24. Ndiyo niliyojifunza kwa video kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilitungwa mwaka 1956 chini ya Kamati ya Taifa ya Michezo ya China, kwa kufupisha fomu ndefu ya mtindo wa Yang ili watu wa kawaida waimudu. Kwa anayejifunza kwenye simu, fomu hii ina faida kubwa: mpangilio wake ni mmoja kila mahali. Mwalimu wa Beijing na mwenzake wa Guangzhou watapishana katika kina cha magoti na mapambo ya mikono, lakini mwondoko wa sita utabaki kuwa wa sita. Fomu za kifamilia si hivyo. Ukichukua, kwa mfano, zile za ukoo wa Chen kutoka kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, kila tawi lina namna yake, na asiye na mtu wa kumwelekeza huchanganya matawi mawili bila kujua.

Kazi ya kwanza ni kuchagua video, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Video nzuri za kutazama, zile za mtu mwenye vazi refu la hariri juu ya mlima penye ukungu, hazifundishi kitu, kwa sababu miguu haionekani. Mimi nilitafuta video tatu za mwalimu mmoja: moja ya fomu nzima akiwa ametugeuzia mgongo, moja ya fomu nzima akiwa ametutazama, na moja ya kuchambua kila mwondoko hatua kwa hatua. Nakili herufi hizi kwenye sehemu ya kutafutia: 二十四式太极拳 背面, kwa ile ya mgongoni, na 二十四式太极拳 分解教学, kwa ile ya uchambuzi. Utapata nyingi kuliko ukitafuta kwa lugha nyingine yoyote. Maelezo yatakuwa ya Kichina, lakini kwa hatua hii hayana umuhimu mkubwa. Unachohitaji ni kuona nyayo zake zikigusa ardhi. Angalia pia namba: fomu za 42 na 48 zina miondoko mingi yenye majina yaleyale, na ukiokota kipande huku na kipande kule utajenga kitu ambacho hakipo.

Kabla ya kuifuata, hakikisha video haijapinduliwa kushoto kwenda kulia. Wapo wanaopindua makusudi ili mwalimu anayekutazama awe kama kioo. Kipimo ni rahisi: katika mwondoko wa kwanza, qishi, mguu wa kushoto ndio unaofunguka pembeni kwa upana wa mabega, na katika mwondoko wa pili hatua ya kwanza hupigwa na mguu huohuo wa kushoto. Mwalimu aliyekupa mgongo akianza na wa kulia, video imepinduliwa. Maandishi ya ukutani nyuma yake yakisomeka kinyume, ni hivyohivyo.

Video nilizipakua ili nisitegemee bando kila ninapofanya mazoezi, kisha ile ya mgongoni nikaikata vipande 24 kwa programu ya kuhariri iliyomo kwenye simu. Kila kipande nilikianzisha sekunde chache kabla ya mwondoko wenyewe, kwa kuwa ugumu wa taichi uko kwenye maungio, pale mwondoko mmoja unapoishia na mwingine unapoanza. Kwenye picha ya mwisho kila mtu anafanana na mwalimu. Katikati ndipo mambo yanapoharibika. Kila kipande nilikitazama kwa kasi ya nusu, sauti nimezima, mara ya kwanza nikitazama miguu tu, mara ya pili kiuno, mara ya tatu mikono.

Halafu simu inawekwa chini. Hili nalisisitiza kuliko yote: video itazamwe ukiwa umekaa, na mazoezi yafanywe bila video. Fomu hii inakugeuza. Mwondoko wa 15 unakuacha ukielekea upande wa pili kabisa. Anayefuata skrini huku anacheza hulazimika kugeuza shingo kuitafuta simu, bega linafuata shingo, kiuno kinasimama, na kosa hilo linakaa mwilini kama sehemu ya fomu.

Eneo la mita 5 kwa 2 linatosha. Anza ukiwa umesimama mwisho wa kulia wa eneo hilo, kwa sababu nusu ya kwanza ya fomu inasogea sana kushoto. Sakafu iangaliwe: vigae vyenye maji huteleza, na saruji yenye makwaruzo hung'ang'ania soli, ukigeuza mguu goti ndilo linalolipa. Vaa raba zenye soli nyembamba na bapa. Viatu vya kukimbilia vyenye kisigino kinene vinakusukuma mbele muda wote.

Mwezi wa kwanza mikono yangu ilikaa kiunoni. Nilifanya miguu peke yake, kwa sababu taichi ni sanaa ya kuhamisha uzito, na mikono isiyobebwa na uzito ni ngoma tu. Mkao mkuu ni gongbu, mkao wa upinde: goti la mbele limekunjwa na liko juu ya unyayo bila kupita ncha za vidole, mguu wa nyuma umenyooka bila kukakamaa, unyayo wa nyuma umefunguka kati ya nyuzi 45 na 60. Wanaojifunza kwa video hukosea jambo moja ambalo kamera ya pembeni hailionyeshi kamwe, yaani upana. Visigino havikai kwenye mstari mmoja. Katika miondoko ya kutenganisha manyoya ya farasi na kupangusa goti, kati ya mstari wa kisigino cha kushoto na ule wa kulia kuwe na takribani sentimita 30. Katika miondoko ya ngumi pengo hupungua hadi sentimita 10 hivi. Nilichora mistari miwili sambamba ya chaki yenye umbali wa sentimita 30 na kutembea juu yake, mguu huu kwenye mstari wake na ule kwenye wake. Mtu anayeyumba kila anapokanyaga, mara nyingi hana tatizo la mizani, amebana miguu.

Urefu wa hatua nao una kipimo chake. Weka kisigino mbele bila kukipa uzito, kisha kirudishe. Kama mwili umelazimika kuruka au kusukumwa ili kukirudisha, hatua ilikuwa ndefu mno kwa mguu wako uliobaki nyuma. Ifupishe mpaka uweze kukanyaga na kughairi kwa utulivu.

Nieleze mwondoko mmoja kwa ukaribu, maana ukiupata huu robo ya fomu umeielewa. Ni wa pili, ye ma fen zong, kutenganisha manyoya ya farasi mwitu, unaofanywa mara 3: kushoto, kulia, kushoto. Kutoka qishi, uzito wote unahamia mguu wa kulia na kiuno kinageuka kidogo kulia. Mkono wa kulia unapanda hadi usawa wa kifua, kiganja chini. Wa kushoto unazunguka kuja chini yake, kiganja juu, mikono ikiwa imekumbatia mpira. Mguu wa kushoto unavutwa hadi pembeni ya wa kulia. Sasa kiuno kinageuka kushoto, mguu wa kushoto unatoka na kisigino kinagusa kwanza, bado mtupu. Ndipo uzito unapoanza kwenda mbele, unyayo unajaa, na mikono inatengana kwa mwendo uleule wa uzito: wa kushoto unapanda hadi usawa wa macho, kiganja kikielekea juu kwa mshazari, wa kulia unashuka kando ya nyonga, kiganja chini. Kisigino cha nyuma kinasukumwa nje ili unyayo urudi kwenye nyuzi zake 45.

Kwa upande wa pili, usikimbilie kupiga hatua. Kaa nyuma kwanza juu ya mguu wa kulia, inua vidole vya mguu wa kushoto, vigeuze nje nyuzi 45 hadi 60, halafu rudisha uzito mbele na kukusanya mguu wa kulia. Kwenye video kurudi huku nyuma ni nusu sekunde, na wengi hawakuoni. Wanageuza unyayo huku umebeba mwili mzima, goti linasokotwa, na baada ya wiki kadhaa linauma upande wa ndani. Goti lifuate daima uelekeo wa kidole cha pili cha mguu. Likiingia ndani ya mstari huo, simama na urekebishe nyonga, kwani chanzo huwa kule juu. Maumivu ya mapaja ni ya kawaida. Maumivu ya goti ni taarifa kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, na dawa yake ni kupunguza kina na kurudi kwenye miguu peke yake.

Mwalimu wa kwenye simu hakuoni, kwa hiyo jicho lake lazima ulitengeneze. Simu yangu niliiweka kwenye usawa wa kiuno, umbali wa mita 4, nikajirekodi kwa nyuma na kwa ubavuni. Kisha nililinganisha picha tatu tu katika kila mwondoko, za mwalimu na zangu, nikisimamisha video: miguu inapokutana, kisigino kinapogusa chini, na uzito unapofika mbele. Ile ya katikati ndiyo inayosema ukweli. Kisigino cha mwalimu kinapogusa, mikono yake bado imekumbatia mpira. Mwanafunzi wakati huohuo mikono imeshafika mwisho, mwili bado uko nyuma. Maana yake mikono inafanya kazi peke yake. Jirekodi pia mbele ya ukuta wenye mstari wa mlalo, hata ukingo wa dirisha unafaa, utazame kichwa. Kikipanda kila miguu inapokutana, goti linalobeba uzito linanyooka pasipo sababu. Kichwa kibaki usawa mmoja, isipokuwa kwenye miondoko michache kama mateke, ile ya kushuka na sindano ya baharini.

Miondoko mingine niipitie kwa haraka. Yun shou, mikono kama mawingu, huharibika pale mikono inapozunguka kama feni na kiuno kimelala. Fanya miguu na kiuno huku mikono imefungwa kifuani, kitovu kikipeleka uso kushoto na kulia, na nyayo ziwe sambamba, vidole mbele. Kwenye mateke, namba 13 na 15, kimo hakina maana yoyote: teke la usawa wa goti ukiwa umesimama wima linashinda teke la kifuani lenye mgongo uliopinda. Namba 16 na 17 zinataka kushuka chini. Shuka pale tu kisigino cha mguu uliokunjwa kinapobaki ardhini na kifua hakianguki mbele, hata kama ni nusu ya kina cha mwalimu. Walimu wengi wa video ni wanamichezo wa mashindano, na kina chao si kipimo cha mtu mzima anayeanza.

Miondoko miwili kwa wiki ni mwendo mzuri. Kwa mwendo huo fomu nzima inakamilika kwa takribani miezi mitatu. Kabla ya fomu, simama zhan zhuang, yaani kusimama tuli kama nguzo, kwa dakika 5, magoti yamelegea, mikono imezunguka mbele ya kifua, mabega yamedondoka. Ni hapo unapojifunza kulegeza mabega, jambo lisiloonekana kwenye video yoyote. Fomu nzima huchukua dakika 5 hadi 6. Ukimaliza kwa 3, umeruka maungio. Pumzi iache iende yenyewe mpaka utakapoacha kufikiria hatua inayofuata. Baadaye utakuta yenyewe inaingia unapokusanya na kutoka unaposukuma, na hakuna haja ya kuilazimisha.

Kuna kitu ambacho video haiwezi kukupa, nacho ni mguso. Taichi ni sanaa ya mapigano, na nguvu yake inajulikana mtu anapokugusa. Tui shou, mazoezi ya wawili ya kusukumana mikono, sishauri kabisa yajifunzwe kwenye skrini. Lakini kipimo kidogo kinawezekana na ndugu au jirani yeyote. Simama kwenye sehemu ya kwanza ya mwondoko wa 7, kushika mkia wa ndege, inayoitwa peng: mkao wa upinde, mkono wa kushoto umejipinda mbele ya kifua usawa wa bega, kiganja kikikutazama. Mwombe aweke kiganja kwenye mkono wako wa mbele na asukume polepole akiongeza nguvu kidogo kidogo. Ukihisi bega limepanda au kisigino cha nyuma kimeachia, unazuia kwa msuli wa mkono. Dondosha kiwiko, legeza nyonga, acha msukumo upite hadi unyayo wa nyuma. Utausikia pale chini. Halafu mwambie aondoe mkono ghafla bila kukuonya. Ukianguka mbele, ulikuwa unamsukuma. Ukibaki pale ulipokuwa, peng yako imeanza kukaa, na unaweza kurudia kipimo hichohicho kwenye an, yaani kusukuma, sehemu ya nne ya mwondoko huo, safari hii wewe ukiwa ndiye mwenye viganja juu ya mikono yake.