Jinsi Nilivyomtembeza Mama Bergen Bila Mvua Kutuharibia Safari

Kabla ya safari yetu ya Norwei nilipewa ushauri mwingi na watu ambao hawajawahi kufika Bergen, na karibu wote haukunifaa. Wakala mmoja wa safari jijini Dar es Salaam alinisisitiza nimpeleke mama mwezi wa Agosti, kwa maelezo kwamba Ulaya yote huwa kavu wakati huo. Jamaa yetu mmoja alisema ninunue mwavuli mkubwa, basi, nisiwe na wasiwasi. Mwingine aliniambia nitazame utabiri wa wiki nzima, na siku yenye picha ya mvua tusitoke kabisa. Tungemsikiliza huyu wa mwisho, mama angemaliza likizo yake yote akiwa dirishani. Badala yake, mwanamke aliyevuka miaka sabini, mwenye magoti yanayomsumbua, aliona kila alichotamani kukiona, na mvua haikutukatizia matembezi hata siku moja. Jambo hilo ninalionea fahari, na ndiyo maana nimeona nilieleze.

Tulikwenda kumtembelea mdogo wangu wa kike, ambaye yuko masomoni katika Chuo Kikuu cha Bergen, chuo ambacho kimeshirikiana na vyuo vya Tanzania kwa miongo mingi. Yeye ndiye aliyenifahamisha mapema kwamba mji huo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takribani maradufu ya Dar es Salaam. Hata hivyo wingi wa mvua si tatizo kubwa kwa mtu aliyezoea masika. Tatizo ni namna inavyokuja. Sisi watu wa pwani tunajua majira ya kusi na majira ya kaskazi, na mvuvi wa Tanga anaweza kukueleza upepo utakavyokuwa baada ya miezi miwili. Bergen iko ukingoni mwa bahari ya Atlantiki, imezungukwa na milima ambayo wenyeji huihesabu kuwa saba, na upepo wa magharibi huleta hewa yenye unyevu kutoka baharini, nayo ikigonga milima hiyo hupanda, hupoa na kumwaga maji. Mvua inaweza kunyesha, kuanuka na kurudi tena mara kadhaa kabla ya adhuhuri. Inaweza pia kung'ang'ania: kuanzia mwishoni mwa Oktoba 2006 hadi Januari 2007 ilinyesha siku 85 mfululizo.

Kuhusu mwezi, wakala yule alikosea kabisa. Miezi yenye mvua chache zaidi Bergen ni Aprili, Mei na Juni. Kuanzia Julai mvua huongezeka, na Agosti huwa imeshakaribia ile ya vuli yao, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Tulichagua mwanzoni mwa Juni, na sababu yangu kubwa ilikuwa mwanga. Wakati huo jua huzama baada ya saa nne na nusu usiku, kwa hiyo mvua ikikunyang'anya asubuhi na mchana, bado una jioni ndefu ya kutembea. Huko Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na mvua ya mchana ikishakula saa zako huna pa kuzifidia.

Makoti tuliyanunua katika soko la mitumba la Karume, Ilala, siku ya kufungua belo, na hapa naomba niwe mrefu kidogo, kwa kuwa ndipo nilipookoa fedha nyingi kuliko penginepo pote. Mchuuzi atakuapia kwamba koti ni la mvua kwa sababu tu kitambaa chake kinateleza. Usikubali. Ligeuze nje ndani, uangalie mishono. Koti lililoshonwa kwa ajili ya mvua kweli lina utepe mwembamba uliobandikwa juu ya kila mshono, kwa kuwa maji hupitia kwenye matundu ya sindano kabla ya kupenya kitambaa chenyewe. Utepe huo ukiwa umeanza kubanduka kama ganda la kitunguu, liache hata kama unapewa kwa bei ya kutupa. Nyumbani nilifanya jaribio lililowafanya watoto wote wa jirani wakusanyike: nililitandaza bega la koti juu ya beseni, nikalibonyeza katikati lifanye shimo, nikamimina jagi zima la maji, kisha nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi nilipapasa kwa chini. Koti la mama lilikuwa kavu kabisa. Langu lilikuwa limetoa jasho kwenye mshono wa kwapa, nikalirudisha Karume siku iyo hiyo, na baada ya mabishano marefu nikabadilishiwa. Makoti yote mawili hayakufikia robo ya bei ya koti moja jipya nililoliona baadaye katika duka la Bergen.

Mwavuli nao tuliuchukua, kwa heshima ya jamaa aliyetushauri. Tuliufungua mbele ya nyumba za mbao za Bryggen, pale kando ya bandari, na upepo ukautendea ambacho mdogo wangu alikuwa ametuonya. Ulianza kwa kuusukuma kutoka upande wa maji, na mama alipougeuza kuukabili, mwingine ukatokea kichochoroni nyuma yetu, ukaupindua juu chini na kuvunja vijiti viwili kwa mpigo mmoja. Mama aliushika kwa mikono yote miwili huku mtandio ukimpepea usoni, asione anakokwenda, juu ya mawe yaliyolowa na kuteleza, na hapo niliogopa kwa dhati kwamba angeanguka. Tuliutupa katika pipa la karibu, ambamo tulikuta miavuli mingine imeshatangulia. Tangu hapo mama alivaa mtandio mwepesi wa pamba, juu yake kofia ya koti iliyokazwa kwa kamba zake, na mikono yake miwili ikabaki huru kunishika mimi au kushika ukuta. Kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, mikono huru na viatu vyenye soli ya mpira inayoshika ni bora kuliko mwavuli wowote.

Mpango wenyewe niliuandika katika karatasi moja, nao haukuwa na siku wala tarehe. Niliorodhesha sehemu za nje alizotaka mama, kisha mbele ya kila moja nikaandika sehemu yenye paa na kiti ambayo mama angeweza kuifikia kwa dakika tano za mwendo wake, si mwendo wangu. Bryggen, ambayo iko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1979, niliiambatanisha na Bryggens Museum, jumba lililojengwa hatua chache kutoka hapo, mahali ambapo moto wa mwaka 1955 uliteketeza nyumba za kale na wachimbaji wa mambo ya kale wakakuta misingi ya majengo ya zamani zaidi chini yake. Ngome ya Bergenhus niliipa Håkonshallen, ukumbi wa mawe wa kifalme wa karne ya 13 uliomo ndani yake. Ziwa dogo lililo katikati ya mji lilipewa majumba ya sanaa ya KODE, yaliyojipanga kando yake, na soko la samaki la nje lilipewa lile la ndani lenye vioo. Maktaba ya mji, jirani na kituo cha reli, niliiweka ya akiba, kwa kuwa ni bure, ina joto, na hakuna anayekuuliza umekaa kwa muda gani. Kila asubuhi tulichagua jozi moja tu kulingana na hali iliyokuwapo, mvua ilipoanza tuliingia ndani, ilipoanuka tulitoka, na kwa utaratibu huo hatukuwahi kurudi nyumbani kwa sababu ya mvua.

Mvua hiyo ndiyo iliyotupa saa nzuri kuliko zote za Bryggen. Tulipokuwa tumejibanza chini ya vibaraza vya mbao, mdogo wangu alimsimulia mama kwamba wafanyabiashara wa Kijerumani wa Hansa, umoja wa kibiashara wa zama hizo, waliishi pale kwa karne kadhaa wakinunua chewa waliokaushwa kwa upepo huko kaskazini mwa Norwei na kuleta nafaka. Mama alikulia Tanga akiona samaki wakianikwa, na alisikiliza kwa makini kuliko alivyosikiliza habari ya wafalme.

"Kumbe na hawa mji wao umejengwa na ng'onda," alisema. "Basi mwanangu, nionyeshe huyo samaki wao nimtazame." Tulimkuta sokoni, mkavu na mgumu kiasi kwamba mama alimgonga kwa kucha akacheka.

Mlima Fløyen ndio uliohitaji subira, nami sikuutengea siku yoyote. Wakala alitaka nikate tiketi za treni ya mlimani tangu Dar es Salaam. Nilikataa, kwa sababu kilele cha treni hiyo, iliyoanza kazi mwaka 1918, kiko mita 320 juu ya bahari, na wingu la Bergen hushuka chini ya hapo mara kwa mara, hivyo mtu anaweza kulipa na kupanda akatazame ukungu mtupu. Kipimo changu kilikuwa rahisi: ukisimama penye soko la samaki unaweza kuinua macho ukaona jengo jeupe la kituo cha juu. Likiwa halionekani, usikaribie dirisha la tiketi. Likionekana, fungua Yr, huduma ya hali ya hewa inayoendeshwa na taasisi ya hali ya hewa ya Norwei pamoja na shirika lao la utangazaji, uangalie mchoro wa mvua wa dakika tisini zijazo. Ile picha moja inayowakilisha siku nzima haina manufaa makubwa katika mji kama huu. Mchoro wa dakika tisini ndio nilioutegemea, na haukuniangusha.

Siku za mwanzo jengo lile halikuonekana kabisa. Kisha jioni moja, tulipokwisha kula na mama ameshavua viatu, mdogo wangu aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Kaka, hakuna tone hata moja kwa saa nzima. Mvalishe mama viatu." Ilikuwa karibu saa mbili usiku, na nje kulikuwa kweupe kama alasiri. Tulipanda treni ya mjini hadi kituo cha Byparken, tukatembea polepole hadi kituo cha chini, na baada ya dakika chache tulikuwa kileleni, mji wote uko miguuni petu, bandari, paa nyekundu za Bryggen, na visiwa vinavyofuatana hadi baharini. Kulikuwa na mbuzi waliozurura huru wakiwa na kola za kielektroniki zinazowazuia kupita mpaka wao, na mama aliwastaajabia kwa muda mrefu. Faida nyingine ya kilele kile ni kwamba unaiona mvua kabla haijakufikia. Tuliiona ikija kutoka magharibi, pazia la kijivu lililofunika kisiwa kimoja baada ya kingine. Mama alitaka dakika tano zaidi, akapewa, kisha tukashuka, na matone ya kwanza yaligonga kioo cha behewa tukiwa tumeshaketi.

Gharama zilikuwa kubwa, siwezi kuficha. Kahawa mbili na vitafunio vilikula fedha ambazo Dar es Salaam zingelisha familia mchana mzima, kwa hiyo tulibeba chupa ya chai na chapati, tukanywa katika benchi za ndani. Viatu vilivyolowa tulivijaza magazeti na kuviweka juu ya sakafu ya bafu, ambayo katika nyumba ya mdogo wangu hupashwa joto kwa umeme, na asubuhi vilikuwa vikavu.

Safari ya boti kwenda Mostraumen, ndani ya fiodi, yaani mkono wa bahari ulioingia katikati ya milima, ndiyo pekee niliyoipeleka kwa makusudi katika siku ya mvua. Tiketi niliikata jioni iliyotangulia, baada ya kuona kwamba kesho yake itanyesha kutwa, kwa kuwa boti ina ukumbi wa ndani wenye madirisha makubwa na maporomoko ya maji hunenepa mvua inaponyesha. Mama alikaa ndani kwenye joto karibu safari nzima, akatoka na koti lake la Karume nahodha alipoisogeza boti karibu kabisa na poromoko, akalowa uso, na bega lake likabaki kavu.