Kadi za zamani za timu yako: geuza mgongo kwanza

Kukusanya kadi za timu moja ya mpira wa miguu si sawa na kujaza seti nzima. Seti nyingi za kadi za sigara, yaani zile zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara, zilikuwa na kadi 50, kama ile ya John Player & Sons ya 1928, na timu yako inaweza kuwa na mbili humo, au moja, au isiwemo kabisa. Utanunua mojamoja, na muuzaji wa kadi moja anakuonyesha uso tu. Omba picha ya mgongo kabla ya kuuliza bei.

Andika orodha kwanza: kampuni, mwaka, nambari, mchezaji, rangi ya mgongo. Kwa kadi za A&BC, kampuni ya chingamu ya Uingereza, rangi hiyo ndiyo inayotofautisha seti nyingi, na bila kuiandika utanunua kadi ukidhani ni nyingine. Jezi nayo hudanganya. Mchezaji aliyetoka kuhama aliweza kuchapwa na jezi ya klabu aliyoiacha, kwa hiyo fuata jina la klabu lililoandikwa kwenye kadi.

Mgongo pia unaeleza maisha ya kadi. Stika za mwanzo za Panini, kampuni iliyoanzia Modena mwaka 1961, zilibandikwa kwa gundi ya kupakwa kwa mkono, na ikibanduliwa kwenye albamu stika huacha tabaka la karatasi nyuma. Uso unaweza kung'aa huku mgongo umechunika, na hiyo ni kadi ya daraja la chini hata muuzaji aisifu vipi. Ukiikuta bado imebandikwa, iache kwenye ukurasa wake. Kuiloweka majini kunaweza kuchuja wino na kuikunja karatasi, na hasara hiyo hairudi.

Ikifika mkononi, ipime. Kadi ya kawaida ya sigara ina takriban milimita 36 kwa 68. Iweke juu ya kadi ya bei rahisi ya seti ileile: tofauti ndogo ni ya mashine ya kiwandani, ila upande mmoja mweupe na mkali huku mingine mitatu imezeeka maana yake mtu amekata kingo ili kuondoa kona zilizochakaa. Kisha chukua lenzi inayokuza mara 10 na uangalie herufi. Kwenye kadi halisi nyingi herufi nyeusi ni wino uliojaa, mfululizo. Nakala iliyotokana na skana huonyesha herufi zilizoundwa kwa nukta za rangi. Kwa kadi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ongeza taa ya urujuanimno (UV) gizani: karatasi za wakati ule hazikuwa na kemikali za kung'arisha, hivyo kadi ya 1928 inayowaka buluu-nyeupe ni ya kukataa. Mwisho iinamishe chini ya taa ya pembeni, maana mikunjo myembamba haionekani ukiitazama wima.

Kuhifadhi vibaya huharibu kadi nyingi. Raba ya kufungia rundo la kadi huchimba kingo. Vifuko vya PVC hutoa mafuta yanayoganda juu ya wino. Tafuta polipropilini au poliesta. Kadi kwanza huingia kwenye kifuko laini, halafu kifuko ndicho kinachoingia kwenye kasha la plastiki ngumu, kwani kadi tupu hukwaruzwa kila inapotelezeshwa. Unyevu ubaki kati ya asilimia 40 na 50. Kwa kadi za miaka ya 1930 zilizotoka na gundi mgongoni hili ni la lazima: hewa ikiwa na unyevu, rundo lote hugandana. Kila moja iwe na kifuko chake, hata zile za bei ndogo.

Ukizituma kwa posta, funga mdomo wa kasha la plastiki ngumu kwa utepe uliokunjwa ncha, ili atakayefungua avute ncha hiyo bila kutumia kisu.