Mkono uliopungwa nusu

Nimekulia Morogoro, na kabla sijahamia Minnesota nilichezesha kandanda la mitaani miaka kadhaa. Kwa hiyo mwanangu alipoanza kucheza futiboli ya Kimarekani sekondari, nami nikajiandikisha uamuzi. Kipenga ni kipenga, nikajiambia. Tena kukaa jukwaani kwenye baridi ya Oktoba bila kazi yoyote nilikuwa nimeshachoka.

Nikapewa nafasi ya mwamuzi wa nyuma. Tukiwa watano uwanjani, huyo ndiye anayesimama mbali kabisa na wenzake, pembeni ya kijana anayesubiri mpira unaobutuliwa na wapinzani. Huko nyuma ndiko nilikokutana na fea kechi.

Fikiria kijana yuko chini ya mpira, macho juu, huku wachezaji wa upande wa pili wanamjia mbio na kofia zao ngumu. Akiona hapa patakuwa na ajali, ananyoosha mkono mmoja juu ya kichwa, kiwiko kimenyooka, anaupunga kulia na kushoto. Maana yake: niacheni nidake, sitakimbia nao. Akidaka, mchezo umesimama hapo hapo. Wakimvamia, wanaadhibiwa: mpira unasogezwa yadi 15 dhidi yao. Kwa maneno ni rahisi kama kunywa maji.

Shida ni kwamba mtoto wa miaka 15 hapungi kama kitabu kinavyosema. Katika mechi ya timu ya pili, Jumatatu moja jioni, kijana aliinua mkono mpaka usawa wa sikio, akautikisa mara moja kama anayefukuza nzi, akadaka, akatimua mbio. Mimi nilikuwa nimeukodolea macho mpira, mazoea ya kandanda hayo. Mkono niliuona kwa pembeni tu. Nikajiuliza: huku ni kupunga au siyo? Nikiwa bado najiuliza, wakimbizaji wawili walishasimama wakijua mchezo umekwisha, na wa tatu, ambaye hakuona kitu, akamkumba yule kijana ubavuni. Aliinuka polepole sana. Makocha wote wawili wakaja juu, mmoja akiuliza kwa nini mtoto wake amegongwa, mwingine kwa nini mdakaji ameachwa akimbie wakati vijana wake wamemheshimu. Na wote wawili walikuwa na haki.

Sheria yenyewe nilikuwa nimeisoma na mtihani nikaufaulu. Ishara mbovu si sawa na kutotoa ishara. Nayo inasimamisha mchezo mpira ukidakwa, ila aliyeitoa anaadhibiwa yadi 5. Kuijua sheria na kuiona mbele ya macho ni mambo mawili.

Mzee mmoja tuliyekuwa tukichezesha naye, mwenye miaka mingi kazini, aliniambia ndani ya gari: "Mpira hauwezi kucheza rafu. Unautazama wa nini?" Basi nikaanza kujifundisha upya. Kila Jumatano nilisimama pembeni ya mazoezi ya timu ya mwanangu. Mpira ukitoka mguuni nautupia jicho kujua unaelekea wapi, kisha macho yanashuka kwa mdakaji: kifua, bega, mkono. Bega huinuka kabla ya mkono, na hilo hakuna aliyenifundisha. Mahali mpira utakapoangukia utapajua kwa miguu yake na kidevu chake. Jioni mwanangu alisimama kwenye maegesho ya magari akinipungia ovyo, nami nikipaza sauti: "Nzuri! Mbovu! Hamna!" Majirani sijui walituchukuliaje.

Jambo jingine lililonisaidia ni kuwafuata wadakaji kabla ya mechi na kuwaambia, "Hebu nionyeshe unavyopunga." Wengi hukunja kiwiko, na wakiambiwa hapo hapo hurekebisha. Jua la Septemba likiwa chini, huwaomba pia mkono wa kukinga macho ukae usoni na utulie. Na huwakumbusha kwamba aliyepunga haruhusiwi kumzuia mpinzani mpaka mpira udakwe, hata kama anayedaka ni mwenzake. Hiyo ni yadi 15.

Ijumaa moja usiku, jukwaa limejaa, mpira ukapigwa juu sana. Bega likainuka. Mkono ukafika usawa wa pua, ukapunga mara mbili, na mpira ukatua mikononi kwenye mstari wa yadi ya 28 kutoka goli la upande wao. Nikapuliza, nikatupa kitambaa cha njano kinachoonyesha kosa. Kijana alikuwa ameshakimbia hatua kumi na watu wanashangilia, kwa hiyo unaweza kukisia nilivyozomewa. Nikamweleza mwamuzi mkuu: ishara mbovu, kadaka 28, turudi 23.

"Hajapunga huyo!" kocha akafoka.

Sikubishana. Nilimwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe alichofanya kijana wake, usawa ule ule, mara mbili. Kocha akamgeukia mtoto. Mtoto akatazama viatu. "Nilikuwa nawafukuza wenzangu tu, kocha."

Mbutuo uliofuata, yule kijana alinyoosha mkono mpaka jezi ikachomoka kwenye suruali, akaupunga kama anayesimamisha basi la mwisho, huku ananitazama mimi kuhakikisha nimeona. Mpira ukampiga begani, ukaanguka.