Usukani Uliolala na Kona Zilizonishinda
Kwa muda mrefu nililaumu matairi kila pikipiki yangu ya magurudumu manne ilipokataa kukata kona, kumbe usukani ulikuwa umelala mno upande wangu na kuniacha nimekaa wima kama abiria. Nililegeza boliti nne zinazoushika, nikausogeza mbele kidogo hadi nikaweza kusimama bila kupinda vifundo vya mikono, nikazikaza, kisha nikaugeuza hadi mwisho pande zote kuhakikisha kwamba nyaya hazivutiki.

Kwa kuwa ekseli yangu ya nyuma haina difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti), magurudumu yake mawili huzunguka kwa kasi moja, na chombo hung'ang'ania kwenda moja kwa moja. Sasa ninapoingia kona, baada ya kufunga breki mapema, ninahamishia nyonga upande wa ndani, ninainamisha kifua mbele na kukandamiza kwa mguu kikanyagio cha kuwekea mguu kilicho upande wa nje wa kona.